Mtani Wangu Aliyekataa Dawa Juma Kuu

Wanangu, bandeji haivutwi. Inaloweshwa. Mimina maji ya chumvi ya uvuguvugu, funika na kitambaa safi, kisha nenda kafanye kazi nyingine. Ukirudi, ile iliyogandamana na kidonda itakuwa imeachia yenyewe, na mgonjwa hatakutazama kama mwizi wa ngozi yake. Nimesafisha vidonda vya moto katika wodi moja hapa Morogoro mpaka nywele zikawa nyeupe, na kama mngeniambia nichague neno moja la kuwaachia ninyi mnaoanza uuguzi, ningechagua hilo la kulowesha. Bahati mbaya kwenu hamjaniambia nichague moja, na mstaafu akipewa kalamu hashiki breki.

Kilichonikalisha hapa kibarazani kwangu, mtaa wa Mafiga, kuandika ni swali la Kwaresima hii. Binti mmoja wa jumuiya yetu, mwanafunzi wa uuguzi, alinisimamisha baada ya misa. "Shikamoo babu. Hivi mgonjwa akisema maumivu yake anamtolea Mungu, kwa hiyo hataki dawa, sisi tunafanyaje?" Nikamwambia njoo nyumbani, hilo si swali la kujibiwa watu wakiwa wanasukumana mlangoni. Hajaja, maana vijana mna mambo mengi. Basi naandika, mtasoma wote, na yeye atasoma akipenda.

Nianze na namna nilivyofundishwa mimi, kwa sababu sikuzaliwa najua. Siku zangu za kwanza nilikuwa mtu wa kuvuta. Niliamini kwamba uchungu wa mara moja una nafuu kuliko uchungu wa polepole, na nilijiona hodari. Akaletwa askari mmoja kutoka kambi ya upande wa Ngerengere, Mzaramo, mtu wa miraba minne, jiko la mafuta ya taa lilikuwa limemlipukia miguuni. Nikashika ncha ya bandeji nikavuta. Alinitukana matusi ambayo mengine sijayasikia tena mpaka leo, halafu akavuta pumzi akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Mnyamwezi wa Tabora.

"Basi," akasema, "kuanzia leo mimi na ninyi utani umekwisha. Sasa ni vita."

Wodi nzima ilicheka, mimi nikatamani ardhi ipasuke. Kwa mliozaliwa juzi: sisi Wanyamwezi na Wazaramo, na Waluguru pia, ni watani tangu mababu zetu walipopita huku na misafara wakielekea pwani. Mtani anakusema atakavyo na hukasiriki. Anaweza kukunyang'anya kitu chako mchana kweupe na watu wakaona ni sawa. Na msibani mtani ndiye anayesema lile ambalo ndugu wanaogopa kulisema.

Aliyeniokoa siku ile ni mkuu wetu wa wodi, Bi Zainabu, Mluguru wa Matombo, Mwislamu wa swala tano. Alikuja na karai la maji yake, akaketi kando ya yule askari, akalowesha, akaanza kumuuliza habari za nyumbani kwao na mashamba ya mihogo. Walipofika kwenye mihogo ya aina ya tatu, bandeji ilikuwa chini. Aliponipitia mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Kidonda si mlango, Mathiasi. Usikipige kumbo." Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Yule askari naye alitangaza utani umerudi, siku nilipomwazima redio.

Mambo mengi yamebadilika tangu hapo. Zamani tulifua bandeji, tukaanika, tukakunja wenyewe mchana huku tukipiga soga. Tulisaga mapapai mabichi tukapaka kwenye vidonda vilivyooza, na vilisafishika. Siku hizi mnafungua pakiti, ndani kila kitu kimekwisha kukatwa kwa kipimo. Nafurahi, sina wivu, ingawa mapapai msiyacheke. Ila maumivu yenyewe hayajabadilika. Mtu aliyeungua leo analia vilevile alivyolia wa wakati wangu.

Na kila Kwaresima, wageni wanakuja vilevile. Vikundi vya kanisa vinapita wodini na maua na sabuni, na ni jambo jema, waendelee. Tatizo ni mmoja wao anapotaka kuhubiri. Alikuwapo mzee mmoja, mtu mzuri tu, aliyesimama mbele ya mama ambaye mtoto wake alikuwa ameunguzwa na uji, akaanza kumweleza kwamba mateso ni zawadi kutoka juu. Yule mama alikuwa anamtazama tu. Nikamwambia yule mzee, "Mzee wangu, nisaidie kushika hili karai." Akashika. Nikaanza kumsafisha mtoto. Mahubiri yakapungua, yakawa sala, sala ikawa kunong'ona, mwisho ikabaki karai linatetemeka. Siwacheki watu wanaotetemeka. Juma lililofuata alirudi peke yake, bila kikundi, akauliza karai liko wapi, na kwa miaka mingi alikuwa mshika karai wetu. Kuhubiri hakuhubiri tena, lakini akina mama walimpenda sana.

Sasa nifike kwa Mama Leokadia, ambaye ndiye jibu la swali.

Aliletwa Kwaresima ikiwa katikati, kutoka milimani juu ya Mgeta. Walikuwa wanapika kwenye sherehe ya kipaimara, sufuria kubwa la maharage likateleza kwenye mafiga, akalidaka kwa mkono wa kulia. Ndivyo walivyo wapishi, mkono unakwenda kabla ya akili. Aliungua kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Alikuja na bintiye Leokadia, mtoto wake pekee, ambaye alikuwa na mimba changa na macho ya mtu asiyelala.

Mkono ulioungua una adabu zake. Ngozi mpya inapoota inavuta, na vidole visipochezeshwa kila siku vinajikunja na kubaki hivyo maisha yote. Kuvichezesha kunauma kuliko kuungua kwenyewe. Ndiyo maana tunatanguliza dawa ya maumivu, tunasubiri ifanye kazi, halafu ndipo tunalowesha, tunasafisha, tunakunja na kukunjua kidole kimoja kimoja. Mama Leokadia alikataa dawa. Alikataa vidonge, alikataa sindano, kwa adabu kabisa. "Hapana mwanangu, wape wengine." Tukimgusa bila dawa mwili wake wote unakakamaa, kidole hakikunjiki hata ungekuwa na nguvu za fundi chuma. Na hakuwa anapiga kelele. Aliuma kona ya khanga akatazama dari, na Leokadia akatoka nje kwenye ukumbi akasimama ameupa mlango mgongo.

Jumatatu ya Juma Kuu daktari aliutazama ule mkono, akajaribu kidole cha shahada, akatikisa kichwa. Akatuambia pembeni kwamba tukikosa juma hili, mkono tumeupoteza. Nanyi mnaofahamu Mgeta mnajua maana yake. Kule shamba limeegemea mlima kama ngazi iliyoegemea ukuta. Unashika jembe kwa mkono mmoja, na mwingine unashika nyasi ili usishuke bondeni pamoja na maharage yako. Mwanamke mwenye mkono mmoja kule ni wa kulishwa.

Nesi mwenzetu mmoja, kwa nia njema, akashauri tusage vidonge tumtilie kwenye uji. Nakiri wazo lilinivutia. Bi Zainabu alikuwa anakunja shuka, hakugeuka hata kutazama.

"Kwenye uji hatii mtu kitu wodini kwangu. Huyo naona ana nadhiri. Nadhiri ya mtu haiibiwi, hata kama ni ya kijinga."

"Sasa tufanyeje, Bi Zainabu? Vidole vinaganda."

"Wewe si mtani wake?" akasema. "Mimi dada yake wa mlimani ataniheshimu tu aninyamazie. Mtani hanyamaziwi. Nenda kamwulize."

Nikaenda. Nilimkuta amekaa, mkono umewekwa juu ya mito, khanga yake nzuri ya kutokea imekunjwa miguuni. Nikaichukua, nikaitia kwapani, nikageuka kama naondoka.

"We kaka, khanga yangu."

"Si yako tena. Mimi Mnyamwezi. Nimeikamata. Utaikomboa kwa kumeza vidonge."

Alinitazama, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu aje nikamwona anacheka. "Nilijua tu. Toka siku ya kwanza nilisema huyu anatembea kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake. Mababu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka wakasahau ya kwao nyumbani."

"Na nyie huko juu mnafunga kuku kamba wasiporomokee kwa jirani."

"Tunafunga, ndiyo. Na Mnyamwezi akija tunamfunga vilevile."

Tukaendelea hivyo, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakatia yao. Kicheko kilipokwisha alikuwa bado anatabasamu, na nikamwuliza pale pale, kabla tabasamu halijakauka, kwa nini hataki dawa. Akaniambia. Leokadia alikuwa amepoteza mimba mbili kabla ya hii. Kwa Waluguru ukoo unakwenda kwa mama, mtoto wa bintiye ndiye anayeliendeleza jina la akina bibi, na Mama Leokadia hakuwa na binti mwingine. Alipoungua, akiwa bado juu kwenye gari la mboga wanamleta mjini, alimwambia Mungu: maumivu yangu yote nakupa, hata moja silipunguzi, wewe niachie huyu wa tumboni.

"Nikimeza dawa nitakuwa nimempunja," akasema. "Na Bwana mwenyewe pale msalabani walimpa divai iliyotiwa dawa ya kumpunguzia. Alikataa. Umesoma au hujasoma?"

Nilikuwa nimesoma. Nikamrudishia khanga yake, nikasema nimeshindwa kesi. Nilivyotoka nilimkuta Leokadia ukumbini, chakula chake kimefunikwa vilevile alivyopewa asubuhi. Nikamwambia ale. Akasema hakishuki akimsikia mama yake anavyohema kidonda kikisafishwa. Sikumwambia kuhusu nadhiri, haikuwa yangu kuisema. Lakini nilirudi nyumbani na hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani, kwa sababu yule mama alikuwa anafanya jambo la upendo kuliko yote niliyowahi kuyafanya mimi.

Jumanne tukajaribu bila dawa, tukashindwa. Jumatano tukashindwa. Alhamisi kidole kidogo kilikuwa kimeanza kubaki kimepinda.

Pale wodini tulikuwa na utaratibu wetu ambao hakuna aliyeuandika. Siku za Idd sisi Wakristo tulishika zamu ili wenzetu wakaswali na kula pilau kwao, na Ijumaa Kuu na Pasaka wao walitushikia. Kwa hiyo Ijumaa Kuu ile Bi Zainabu alikuwa zamu na mimi nilikuwa huru mpaka ibada ya saa tisa. Hata hivyo asubuhi nilipita wodini, kwa sababu ilikuwa desturi yangu kuwasomea habari ya mateso wale wasioweza kutoka kitandani. Nilisimama katikati ya vitanda nikasoma, polepole, bila kuigiza sauti za watu. Mama Leokadia alikuwa amefumba macho, bintiye amekaa sakafuni ameegemea kitanda.

Nikafika pale Bwana anaposema ana kiu. Nikasoma kwamba palikuwa na chombo cha siki, wakachovya sifongo, wakampelekea kinywani, naye akaipokea. Nilikuwa nimekisoma kipande hicho kila mwaka wa maisha yangu.

"Ngoja," akasema Mama Leokadia, macho bado yamefumbwa. "Si alikataa?"

Nikaacha kusoma. "Ile ya mwanzo alikataa."

"Na hii?"

"Hii aliomba mwenyewe."

"Aliomba."

"Alisema ana kiu, mama. Ndipo wakampa."

"Akanywa."

"Akanywa."

Nikamalizia kusoma mpaka kaburini. Nikafunga kitabu. Vijana wangu, hapo ndipo kishawishi kinapomkamata mtu wa dini: ungeweza kutoa hotuba nzuri sana. Nilikumbuka karai, nikakaa kimya.

Alipofungua macho alimtazama bintiye pale sakafuni, kwa muda mrefu, kama ndiyo kwanza anamwona alivyokonda. "Leokadia," akasema, "umekula?" Leokadia akasema bado. "Nenda kale. Leo kidonda changu hutakisikia." Halafu akanigeukia. "Mnyamwezi, mwite dada yangu aniletee hivyo vidonge. Mwambie nina kiu."

Bi Zainabu alileta vidonge na maji, hakuuliza kitu. Tukasubiri vifanye kazi. Tukalowesha. Mkono ulipolegea nilishika kidole cha shahada nikakikunja, kikaenda, na Mama Leokadia akaanza kulia. Nikakiachia kidole nikidhani namwumiza.

"Endelea, hainiumi kama jana," akasema. "Nalia kwa sababu sijui kama nimemnyang'anya mtoto."

Nilimwambia sijui, ila sidhani kama Mungu ni mtu wa kupima hivyo. Kisha nikakunja kidole cha pili. Niliingia kanisani alasiri ile nimechelewa, watu wakiwa kwenye mstari wa kubusu msalaba, nikasimama nyuma kabisa na mikono inayonuka dawa. Nilimwomba Mungu amsikilize yule mama. Niliomba kwa uchungu, na nilikuwa naogopa kwa niaba yake.

Aliendelea kumeza dawa kila siku, na mazoezi aliyafanya kwa bidii kuliko mgonjwa yeyote niliyepata kumshika. Hata ukiwa na dawa mazoezi yanauma, na maumivu yale hakuyakwepa hata kidogo. Akaruhusiwa kwenda nyumbani vidole vyote vikikunjika isipokuwa kile kidogo, ambacho kilibaki kigumu kidogo.

Masika yalipokwisha alikuja kliniki. Nilimwona kwa mbali anaingia peke yake, na usoni pake nikasoma kila kitu kabla hajafika. Mtu wa wodi hujifunza kusoma nyuso. Akaketi.

"Mtoto hakukaa, Mnyamwezi."

Nikasema pole, mama. Nilingoja aseme kwamba ni dawa, kwamba ni mimi na usomaji wangu. Nilikuwa nimejiandaa kulipokea bila kujitetea, kwani mwenye msiba ana haki ya kuweka uchungu wake mahali.

Akasema walikuwa shamba la juu, kule ambako hata pikipiki haifiki. Leokadia akaanza kutoka damu, nyingi. Wanaume wote walikuwa wameshuka gulioni na mboga. Wakabaki wanawake wanne tu. Wakafunga shuka kwenye mti, wakafanya machela, wakamlaza. Ncha ya mbele ya ule mti aliishika Mama Leokadia mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, mkono wa kushoto anashika nyasi, wa kulia umeshika mti. Wakashuka hivyo mpaka barabarani, na dereva wa gari la mboga akawakimbiza hospitali. Daktari aliwaambia mtoto alikuwa amekwisha kwenda, na Leokadia naye angekwenda kama wangechelewa njiani.

Aliponiambia hayo aliunyosha ule mkono juu ya meza yangu, wenye makovu, akaukunja ngumi, akaukunjua.

"Maumivu yangu sijui Mungu aliyafanyia nini," akasema. "Nimefikiri sana, sijui. Lakini mkono huu najua alichoufanyia."

Kisha akanituma nje nikamsalimie Leokadia, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, juani, anakula chungwa.